Roho ikiwa juu: zoezi la pumzi nililofunzwa na nyanya wa Kichina hapa Dubai

Jumatatu tarehe 23 Juni 2025, karibu na adhana ya isha, binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye simu yake akaniambia, "Mama, wamepiga Qatar."

Aliyekuwa Ghuba usiku ule hajausahau. Siku kumi nzima tangu vita vya Israel na Iran vilipoanza tulikuwa tunalala na runinga wazi, na sasa makombora ya Iran yalikuwa yanaelekea kambi ya Al Udeid, nje kidogo ya Doha. Watu waliyaona yakitunguliwa angani, wakapiga picha madirishani mwao. Anga ya Qatar ilikuwa imeshafungwa, na muda si muda anga za nchi jirani nazo zikafungwa kwa saa kadhaa. Mwanangu wa kiume na mkewe wanaishi Doha.

Nikapiga simu. Haikushika. Nikapiga tena. Nilipokuja kuhesabu kesho yake, nilikuta nimepiga mara kumi na saba kwa muda usiofika nusu saa. Mikono ilikuwa baridi, kinywa kikavu, masikio yanavuma, na nilimkaripia binti yangu kwa kosa la kuniletea maji. Mjukuu wangu wa miaka sita alikuwa sakafuni na vigari vyake. Akaanza kulia. Hakujua kombora ni nini wala Qatar iko upande gani. Alikuwa ananitazama mimi.

Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini. Radi ikipiga karibu na shule, watoto hawatazami dirishani, wanamtazama mwalimu, na kwenye uso wake ndipo wanapoamua kama waogope. Hilo nilikuwa nalijua tangu mwaka wangu wa kwanza kazini, na bado usiku ule nilikuwa radi mwenyewe.

Basi nikaiweka simu mezani, nikasimama katikati ya sebule, nikaanza kufanya kitu ambacho mwaka mmoja na nusu nyuma nilikuwa nimekicheka.

Wanaoijua Dubai wanaijua International City, mtaa wa kodi nafuu ulio jirani na Dragon Mart, lile soko refu la Wachina ambalo kila mfanyabiashara wa kwetu, awe wa Mombasa, Zanzibar au Kariakoo, amepita na begi lake. Mtaa umegawanywa kwa majina ya nchi: kuna upande wa Ufaransa, wa Morocco, wa Urusi, na kuna wa China. Sisi tulipata nyumba upande wa China, si kwa kupenda, ndiko kulikokuwa na nafasi.

Mwisho wa mwaka 2023, wakati wa baridi, nilishuka asubuhi baada ya sala kutupa taka, nikawakuta wanawake wanne wa Kichina kwenye uwazi baina ya majengo. Wamesimama miguu imepanuka kidogo, wanainua mikono juu pole pole kama watu wanaopokea furushi kutoka dirishani. Hakuna muziki, hakuna anayehesabu. Nilidhani wanaabudu. Nikasoma audhu moyoni, nikapita zangu.

Wiki ile ile daktari akaniongezea dozi ya presha, akaniambia nitembee kila siku. Kwa hiyo kila siku nikawa napita pale pale, na kila siku yule mkubwa wao, mwanamke aliyepita miaka 75, alikuwa ananitikisia kichwa. Wajukuu wake wanamwita Nainai, ndilo neno lao la nyanya mzaa baba, na sisi wa Kenya tuliozoea kusema nyanya hatukupata taabu kulitamka. Siku ya sita au ya saba alinishika mkono akanivuta mstarini. Mimi sijui Kichina, yeye Kiarabu chake ni shukran na khalas. Alinigusa mabega akayashusha. Akanigusa goti akalilegeza. Kisha akaonyesha ardhi kwa kidole, akanikazia macho, kama ninavyomkazia macho mtoto asiyeandika kwenye mstari.

Zoezi lile ni tawi moja la kile ambacho Wachina wanakiandika qigong kwa herufi za Kilatini. Nitaliandika chigongi, kama linavyosikika masikioni mwetu. Chi ni pumzi, hewa, mvuke, na kwa imani yao ni nguvu ya uhai inayopita mwilini. Gong ni kazi, au ustadi mtu anaoupata kwa kurudia jambo mpaka likamkaa. Taichi, ambayo wengi wameiona kwenye filamu, ni jamaa yake, lakini taichi imetokana na sanaa ya kupigana na mpangilio wake ni mrefu, mgumu kushika. Chigongi ya Nainai ina mikao minane tu na unaimaliza kwa robo saa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua wasomaji wengi wameshaanza kuliuliza.

Nilipompelekea dada yangu wa Mombasa video yangu nikiinua mikono, jibu lilikuja la sauti, dakika tatu nzima. Ati nimezeeka vibaya. Ati nimeacha tasbihi nimeshika Ubudha. Ati Bi Mkubwa angekuwa hai angenifungia ndani. Akaipeleka kwenye kundi la familia, na huko kila mtu akawa na lake, mpaka binamu wa London ambaye hajasema kitu tangu Idi.

Sikuudhika sana, kwa sababu swali lenyewe ni la haki. Katika historia yake, baadhi ya chigongi imefungamana na Utao na Ubudha, na wako walimu wanaochanganya mazoezi na mambo ya ghaibu. Nilimpigia maalim wa familia yetu nikamweleza mkao mmoja mmoja. Aliniuliza mambo matatu: Je, kuna maneno natamka? Kuna kiumbe chochote nakiomba au nakielekea? Linanichelewesha sala? Nikajibu hapana mara tatu. Akasema basi kwa hayo niliyomweleza ni mazoezi ya viungo, ila siku mwalimu atakapoanza kusema habari za mizimu au nguvu zisizoonekana za kuomba msaada, niinuke niende zangu. Halafu akaniuliza kama kuna lolote la mgongo. Hiyo haikuwa fatwa ya watu wote, na kila mtu ana maalim wake. Mimi ndivyo nilivyoelekezwa.

Na kwangu jambo lile halikuwa geni. Sekondari nilisoma shule ya wamisheni, wasichana wa Kiislamu tulikuwa saba darasani. Asubuhi wenzetu wakiimba nyimbo zao, sisi tulisimama kimya, mikono nyuma. Marehemu baba aliyenipeleka alikuwa ameniambia nichukue hesabu na Kiingereza chao, dini yangu ibaki kifuani. Miaka minne nilisimama mahali bila kuwa wa mahali pale, na mpaka leo naweza.

Kuna wanaosema, sala inatosha, ya nini vya Wachina? Sala ni ibada na amri, sitaigeuza dawa ya presha. Lakini niseme ukweli wangu. Baada ya miezi miwili ya kusimama na Nainai ndipo nilipogundua jinsi nilivyokuwa nasali mbio. Sisi Mashafii tumefundishwa utotoni kwamba tumaanina, yaani kutulia kwenye rukuu na sijda mpaka viungo vikae, ni nguzo, bila hiyo sala haikutimia. Nilikuwa naijua kwa mtihani. Mgongo wangu ulikuwa hauijui.

Kitu kilichonivuta zaidi lakini ni lugha. Tazama Kiswahili chetu: pumua, pumzi, pumzika, pumziko. Shina ni moja. Waliotuachia maneno haya waliona kwamba mtu aliyepumzika ni mtu ambaye pumzi yake imerudi mahali pake. Na mwenye hofu tunasemaje? Roho iko juu. Moyo umemruka. Hasira zimempanda kichwani. Mambo yakitengenea tunasema ameshusha pumzi, roho imemtua. Kwetu sisi hofu inapanda na utulivu unashuka. Wachina nao, bila kutuuliza, wanasema hivyo hivyo: chi ikipanda kichwani mtu anakosa usingizi, anakuwa mkali, anaona kizunguzungu, na kazi ya zoezi ni kuiteremsha mpaka chini ya kitovu, mahali wanapopaita dantian, na kutoka hapo mpaka nyayoni. Si lazima niamini kwamba kuna mito ya chi inayopita mwilini mwangu. Mabega yakishuka yameshuka.

Upande wa daktari nao una maelezo yake, na unaweza kuyajaribu leo nyumbani. Mkalishe mjukuu, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya kidole gumba, mpaka usikie mapigo. Mwambie avute pumzi pole pole kwa pua, halafu aitoe pole pole. Akivuta, mapigo yanakimbia kidogo. Akitoa, yanapunguza mwendo. Kwa watoto inasikika wazi zaidi, sisi wazee imefifia. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaoitwa vagasi, unatoka kwenye ubongo na kushuka shingoni, kifuani, mpaka tumboni, na moja ya kazi zake ni kuuvuta moyo lijamu. Wakati wa kutoa pumzi unavuta zaidi. Ndiyo maana pumzi inayotolewa polepole, ndefu kuliko ile iliyovutwa, inautuliza moyo. Na mtu mwenye hofu hufanya kinyume chake, anavuta juu juu, kifuani, haraka, na kutoa hatoi. Tafiti nyingi za chigongi na presha zimefanywa, hasa China kwenyewe, na baadhi zinaonyesha presha kushuka kidogo, lakini nyingi ni ndogo na hazikupangwa vizuri. Kwa hiyo asitokee mtu akaacha vidonge vyake kwa sababu ya makala hii. Mimi vyangu nameza mpaka leo, dozi ile ile iliyoongezwa.

Mikao yenyewe inaitwa Baduanjin, vipande vinane vya hariri iliyofumwa kwa nakshi. Jina hilo limo kwenye maandishi ya China tangu enzi ya wafalme wa Song, karibu miaka 900 iliyopita. Hadithi inasema jemadari Yue Fei aliwafundisha askari wake, ila hadithi za majemadari mnazijua wenyewe. Mazoezi ya jinsi hiyo ni ya kale zaidi. Mwaka 1973, kwenye makaburi ya Mawangdui katika mji wa Changsha, wachimbuaji walipata kitambaa cha hariri kilichochorwa watu 44, wanaume kwa wanawake, wananyoosha mikono, wanainama, wanapinda viuno. Kaburi lile lilifungwa mwaka 168 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa.

Kabla ya mkao wowote kuna kusimama, na mimi naona kusimama ndiyo nusu ya kazi. Miguu upana wa mabega, vidole vinaelekea mbele. Magoti yasikazwe, yalegee kidogo kama mtu anayetaka kukaa kwenye kiti kirefu akabadili nia. Makalio yashuke, mgongo ujinyooshe wenyewe. Kidevu ndani kidogo, ulimi uguse juu ya kinywa nyuma ya meno. Mabega yaachie. Sasa sikiliza nyayo zako: uzito uko wapi? Mimi siku ya kwanza wote ulikuwa vidoleni, kama mtu anayengoja kuitwa. Nainai alinisukuma kifuani kwa kidole kimoja tu, nikarudi nyuma hatua mbili. Aliposimama yeye nikamsukuma mimi, kibibi cha kilo hamsini, ni kama nasukuma mlango uliofungwa.

Mkao wa kwanza ni ule wa furushi la dirishani, wenyewe wanasema ni kuishika mbingu kwa mikono miwili. Unaingiza vidole vya mkono huu baina ya vidole vya mkono ule mbele ya tumbo, viganja vinaangalia juu. Unavuta pumzi huku unainua mpaka kifuani, unageuza viganja, unasukuma juu mpaka mikono inyooke. Unatulia kidogo. Kisha unaachia, mikono inashuka pembeni kwa duara kubwa, pumzi inatoka, magoti yanalegea. Mara sita. Kosa la wengi ni kuinua na mabega, nalo lilikuwa langu.

Wa pili ni kupiga upinde, kushoto na kulia. Wa tatu ni kiganja kimoja juu na kimoja chini, kubadilishana. Hiyo mtu akiona mara moja anashika.

Wa nne naupenda kuliko yote, na ni mwepesi kwa mzee. Umesimama, mikono iko chini pembeni. Unaigeuza viganja vitazame nje mpaka kifua kifunguke, huku unageuza kichwa taratibu kutazama nyuma, kushoto. Mwili haugeuki, ni shingo na macho. Unarudi katikati, pumzi inashuka. Kisha kulia. Jina lake kwa Kichina ni refu, maana yake ni kutazama nyuma kwa ajili ya machovu matano na majeraha saba, na katika maelezo yao majeraha hayo saba ni ya moyoni: furaha iliyozidi, hasira, wasiwasi, kuwaza sana, huzuni, woga, mshtuko. Nilipotafsiriwa hayo na mkwe wa Nainai mwenye duka nilikaa kitako. Watu waliopanga zoezi hili walijua kwamba huzuni inakaa shingoni. Mwanamke gani wa huku asiyeijua shingo ile? Simu za usiku kutoka nyumbani, karo, mgonjwa wa kupelekwa India, mwenye nyumba anapandisha kodi, mkataba wa mwana unakwisha na visa nayo. Yote yapo hapo, baina ya sikio na bega.

Wa tano na wa sita una kukaa chini sana na kuinama mpaka miguuni. Mwenye presha asiteremshe kichwa chini, ainame nusu, mikono iishie magotini. Nainai ndivyo alivyonikataza na daktari wangu akamuunga mkono. Wenye magoti mabovu waufanye wa tano wakiwa wamekaa kitini au wauache. Wa saba ni kurusha ngumi pole pole huku umetumbua macho, na hapo wajukuu hufa kwa kicheko.

Wa nane unafunga. Miguu pamoja, unainua visigino, unasimama kwa vidole, unahesabu mbili, halafu unaviachia vishuke, tako! Mtikisiko unapanda mpaka utosini. Mara saba. Mwenye mifupa iliyolegea ashushe taratibu asipigize, na ashike kiti. Usiuone mdogo mkao huu. Zaidi ya yote, umenirudishia imani na miguu yangu kwenye ngazi.

Hayo ndiyo niliyofunzwa. Lakini nisingependa mtu atoke hapa akafungue mtandao akajiunga na wa kwanza anayemwona, kwa hiyo niseme kidogo jinsi Wachina wenyewe walivyochomeka. Jina la chigongi kwa maana ya sasa limeenea miaka ya 1950, kupitia mtu anayeitwa Liu Guizhen wa mkoa wa Hebei, karani wa chama aliyeugua vidonda vya tumbo akapata nafuu kwa mazoezi ya pumzi. Serikali ikamfungulia vituo vya tiba, na kitabu chake kilitoka mwaka 1957. Miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni mambo hayo yakaitwa ushirikina, vituo vikafungwa, naye akaondolewa kazini. Ilipofika miaka ya 1980 ikarudi kwa kishindo, mamilioni ya watu kwenye bustani, na hapo matapeli wakaingia: wanaodai kuponya saratani kwa kunyoosha mkono, wanaojaza viwanja vya michezo, wanaouza tiketi. Wako waliochanganyikiwa akili kwa kukaa masaa mengi kwenye tafakuri kali bila mwangalizi, mpaka chama cha madaktari wa akili cha Marekani kikaliingiza tatizo hilo kwenye mwongozo wake wa mwaka 1994. Mwaka 1999 serikali ya China ikapiga marufuku kundi la Falun Gong na kuyabana makundi mengine. Baadaye idara ya michezo ya serikali ikachagua mipangilio michache ya kale, ikaisafisha, ikaifundisha kama mazoezi ya afya. Baduanjin ni mmoja wao. Ndiyo inayofanywa chini ya nyumba yetu.

Kwa dada yangu nilikuwa na hoja moja ya akiba. Ndani ya China wapo Waislamu wa kabila la Hui, na katika mabingwa wakubwa wa sanaa za mwili wa karne iliyopita mmoja ni Wang Ziping, Mhui wa Cangzhou, aliyezaliwa 1881 akafa 1973. Alikuwa mpiganaji aliyeogopwa, na pia tabibu wa kuunga mifupa, na mwaka 1960 alikwenda Burma na msafara wa waziri mkuu Zhou Enlai akiwa mkufunzi wa wanasanaa wake. Mtu huyo alisali sala zake. Dada akanijibu kwamba huyo alikuwa mwanamume. Nikamwambia binti yake, Wang Jurong, naye alikuwa mwalimu wa sanaa hizo hizo. Akanyamaza siku mbili, na kwa dada yangu hiyo si haba.

Turudi sebuleni, usiku wa tarehe 23.

Nilisimama, miguu upana wa mabega. Sikutulia, nisidanganye mtu. Mkao wa kwanza niliufanya nalia, mikono inatetemeka, na akilini naona moto tu. Pumzi ilikuwa inakatika kifuani, haifiki tumboni. Nikaacha kuinua mikono, nikawa nasikiliza nyayo peke yake, vigae vya baridi chini ya miguu, na nahesabu: kuvuta nne, kutoa sita. Pumzi ya kumi hivi ndiyo ya kwanza iliyoshuka. Binti yangu alizima sauti ya runinga. Mjukuu aliacha kulia, akaja akasimama ubavuni mwangu akiwa na kigari mkononi, na nilipofika kwenye visigino akaanza naye kuinua vyake, na kuhesabu kwa sauti. Alifika saba akaendelea mpaka ishirini, kwa sababu namba anazijua na alitaka nijue.

Saa nne kasorobo simu ililia. Walikuwa ngazini na majirani muda wote, salama, na simu yake ilikuwa imekwisha chaji. Basi, chaji tu. Mkewe alikuwa ameiacha yake juu mezani katika kukimbia.

Kama nisingesimama vile, simu ingelia saa ile ile, na mwanangu angekuwa salama vile vile. Hilo nalijua. Nilichokipata ni kwamba alipopiga nilimsikiliza. Miaka ya nyuma, mambo kama hayo yakitokea, ningempokea kwa kilio na lawama, yeye ndiye angenibembeleza mimi, na yeye ndiye aliyetoka kuona moto juu ya kichwa chake. Usiku ule alizungumza. Alisema aliogopa. Ana miaka 34, na sikumbuki mara ya mwisho kuniambia neno hilo. Na mjukuu alilala usingizi kabla ya saa tano, kigari bado kimo mkononi.

Kwa anayetaka kujaribu: msimu wa joto usitoke nje jua likishachomoza, fanya baada ya alfajiri au ndani ya nyumba, dirisha wazi kidogo kama kuna upepo. Nafasi ya msala mmoja inatosha. Usifanye umeshiba, ngoja saa moja na nusu hivi. Viatu vya kisigino hapana. Soksi kwenye vigae pia hapana, zinateleza. Anza na kusimama tu dakika tano, wiki nzima, usiwe na haraka ya mikao. Fanya siku ambazo huna shida yoyote, kwa sababu siku ya shida mwili utafanya kile ulichouzoeza, na usipouzoeza kitu utafanya nilichofanya mimi dakika ishirini na tano za mwanzo.

Nainai amerudi kwao mwezi wa Agosti, mwanawe mwingine amepata mtoto. Asubuhi tumebaki watatu, mimi, Mchina mmoja na jirani yetu wa Unguja anayekuja na khanga mabegani na malalamiko ya goti. Na juzi dada yangu amenipigia kutoka Mombasa. Anapanda darini baada ya alfajiri, kabla majirani hawajaamka. Haiti chigongi, anaiita mazoezi ya presha, na alitaka kujua baada ya ule wa kutazama nyuma unakuja upi.